Base ya Kamina na Daftari la Joto: Kongo na Tanzania Katika Mizani Moja

Kulinganisha mabadiliko ya halijoto ya nchi mbili kwa muda mrefu huonekana kuwa kazi ya hesabu tu. Wastani wa mwaka wa nchi moja huwekwa kando ya wastani wa nchi ya pili, kisha husemwa ni ipi iliyopata joto zaidi. Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo ni ya mwanahistoria kabla ya kuwa ya mwanahesabu. Mfano unaotumika ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania, na mahali pa kuanzia ni Base ya Kamina, mkoani Haut-Lomami.

Base hiyo ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye nyanda za juu za Katanga, kimo cha zaidi ya mita 1,000. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Ubelgiji lilifundishia marubani hapo. Hewa yenye joto ni nyepesi, na ya nyanda za juu ni nyepesi pia. Hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Rubani hawezi kuondoka bila kujua halijoto ya saa ile. Ndiyo maana historia ya vipimo vya hewa barani Afrika imefungamana na historia ya viwanja vya ndege, kama ilivyofungamana na kilimo cha kikoloni. Katika Kongo ya Wabelgiji taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi. Atlasi ya hali ya hewa ya bonde la Kongo iliyotungwa na Franz Bultot, ambayo ilianza kuchapishwa mwaka 1971, ilijengwa hasa juu ya vipimo vya enzi hiyo.

Upande wa Tanzania, Wajerumani walikwisha kupima hewa Dar es Salaam kabla ya karne ya 20 kuanza. Chini ya Waingereza, Tanganyika iliingizwa katika idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda idara yake yenyewe, ambayo mwaka 1999 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Madaftari hayo mawili hayakuandikwa kwa kipimo kimoja. Wabelgiji waliandika kwa nyuzi za sentigredi, Waingereza kwa nyuzi za Farenhaiti. 70 za Farenhaiti ni sawa na 21.1 za sentigredi. Kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, Afrika ilipata joto kwa takriban nyuzi 0.2 za sentigredi kila miaka kumi kati ya 1961 na 1990, na takriban 0.3 tangu 1991. Basi kosa la nyuzi 0.5 tu, litokanalo na ubadilishaji wa vipimo au kuhamishwa kwa kituo, laweza kufanana na mabadiliko ya miaka ishirini. Aidha, Kamina haiwezi kuwekwa moja kwa moja kando ya Dar es Salaam iliyo ufukoni, kwa sababu tofauti ya kimo peke yake huleta takriban nyuzi 7.

Wataalamu hulitatua tatizo la kimo kwa kulinganisha kila kituo na wastani wake chenyewe wa kipindi maalumu, na kipindi kinachotumiwa sana kwa mabadiliko ya muda mrefu ni 1961 hadi 1990. Hapa ndipo penye fundo. Kwa Tanzania, miaka hiyo ni ya vituo vilivyoendelea kuandika. Kwa Kongo, inaanzia ndani ya kujitenga kwa Katanga, kulikodumu kutoka Julai 1960 hadi Januari 1963, wakati Base ya Kamina ilipokuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walipitia Kamina wakielekea Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1977 na 1978 vikafuata vita vya Shaba. Vituo vya Kongo vilivyokuwa vikituma vipimo vilipungua sana. Hivyo miaka inayofanywa kuwa mizani ya joto la nchi hii ndiyo ambayo daftari lake lilichanika.

Penye pengo, ramani za dunia hujazwa kwa kukadiria kutoka vituo vya jirani. Njia hiyo ni halali, lakini ina athari kubwa kwa mlinganisho. Sehemu ya mashariki ya Kongo ikijazwa kwa namba za Tanzania, anayelinganisha nchi hizo mbili analinganisha Tanzania na kivuli chake. Kufanana atakakokuta kumetokana na ukadiriaji wenyewe.

Yapo mashahidi wengine. Ziwa Tanganyika lina Kalemie upande mmoja na Kigoma upande wa pili, na joto la maji yake limepimwa tangu 1913. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003, katika majarida ya Nature na Science, zilionyesha kwamba maji yamepata joto na kuchanganyika kwake kumepungua, hata virutubisho vya chini havipandi kama zamani. Utafiti wa mwaka 2010 uliosoma tope la chini ya ziwa ulionyesha kwamba joto la karne ya 20 halina mfano katika miaka 1,500. Samaki aitwaye ndagala Kalemie na dagaa Kigoma huishi katika maji hayo hayo, na wavuvi wa pande zote mbili wanategemea chakula kimoja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Joto la Kongo limepanda, na ziwa linashuhudia. Lakini limepanda kiasi gani Kamina, na kwa mkulima wa mahindi wa Haut-Lomami, ni swali lisiloweza kujibiwa kwa namba za kuazima. Kuyatafuta na kuyahifadhi madaftari ya zamani, pamoja na kurudisha vipimajoto mahali pake, ni sehemu ya kuiandika historia ya nchi.