Kuteua kazi ya kutathminiwa katika ombi la viza: Usiache mbachao kwa msala upitao

KINNA, mji mdogo wa eneo la Garbatulla katika Kaunti ya Isiolo, umepakana na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Wakazi wake, wengi wao wakiwa Waborana, hutegemea mifugo na, penye maji, kilimo cha umwagiliaji. Kijana wa huko anapokusudia kwenda kufanya kazi na kuishi ughaibuni, aghalabu gharama za safari hutoka zizini: huuzwa ng'ombe, mbuzi au ngamia ili kulipia mitihani ya lugha, vyeti na ada za maombi. Baada ya ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kumeza misimu mitano ya mvua mfululizo, si familia nyingi zenye mifugo ya kupoteza.

Ndiyo maana hatua moja ya mwanzo, ambayo waombaji wengi huipita kwa haraka, inastahili kutazamwa kwa makini. Hatua hiyo ni kuteua kazi itakayotathminiwa. Anayeteua isivyofaa hupoteza ada, ambayo kwa kawaida hairudishwi, na hupoteza pia muda, ambao katika mambo ya viza huhesabiwa kwa pointi. Makala haya yanaeleza jinsi uteuzi huo unavyofanyika, hasa kwa Australia ambako utaratibu huu umekita mizizi, na yanagusia Canada, Ujerumani na Uingereza.

Tathmini ya ujuzi ni nini?

Tathmini ya ujuzi ni uchunguzi wa vyeti na uzoefu wa mwombaji, unaofanywa na taasisi iliyoidhinishwa, ili kuthibitisha kwamba anaiweza kazi anayodai kuwa ni yake. Kwa viza za Australia zinazotolewa kwa pointi, yaani viza namba 189, 190 na 491, mwombaji sharti awe na tathmini inayofaa kabla ya kualikwa kuwasilisha ombi. Anapoalikwa, ana siku 60 za kuliwasilisha.

Kila kazi imepewa jina, namba ya tarakimu sita, maelezo ya majukumu na kiwango cha ujuzi kuanzia 1, kilicho cha juu kabisa, hadi 5. Mpangilio huo, unaojulikana kama ANZSCO, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na ofisi za takwimu za Australia na New Zealand. Mnamo Desemba 2024, Australia ilichapisha mpangilio mpya uitwao OSCA kwa ajili ya takwimu zake. Kwa hiyo mwombaji ahakikishe kwanza ni mpangilio upi idara ya uhamiaji inautumia kwa viza anayoitaka.

Kila kazi pia ina taasisi yake ya tathmini. Wauguzi na wakunga hutathminiwa na ANMAC, walimu na AITSL, madaktari wa mifugo na AVBC, na wataalamu wa kompyuta na ACS. Mafundi wengi huenda TRA, na kazi nyingi za kitaaluma zisizo na taasisi yake hupelekwa VETASSESS. Anayeteua kazi, kwa hiyo, anateua pia mwamuzi na masharti yatakayotumika kumpima.

Majina hufanana, kazi hutofautiana

Kosa la kwanza ni kufuata jina la kazi. Tuchukue mfano wa jirani kabisa na Kinna: askari wa wanyamapori. Katika orodha ya Australia imo kazi yenye namba 234314, ambayo kwa jina ni askari wa mbuga. Hata hivyo, kazi hiyo imewekwa katika kundi la wanasayansi wa mazingira, kwenye kiwango cha 1 kinacholingana na shahada ya chuo kikuu. Askari wa Kenya ambaye kazi yake ni kushika doria akiwa na silaha na kuwakabili majangili anaweza kuwa hodari wa kupigiwa mfano, lakini majukumu yake na elimu aliyopata si vile vinavyopimwa pale.

Mfano wa pili unawahusu wanaotibu mifugo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inawatenganisha madaktari wa mifugo, wenye shahada, na wasaidizi wa kitaalamu wenye cheti au stashahada ya afya ya mifugo. Huko malishoni wote huitwa "daktari". Msaidizi akijiteua kuwa daktari wa mifugo, AVBC itamdai shahada ambayo hana. Kazi iliyo karibu naye zaidi ni ya muuguzi wa mifugo, namba 361311, ambayo hutathminiwa na VETASSESS. Hata hapo ni lazima alinganishe majukumu kwanza, kwa sababu kumhudumia mnyama ndani ya kliniki si sawa na kuzunguka maboma ukichanja ng'ombe.

Wapo pia ambao kazi yao haimo kabisa katika orodha. Afisa wa kliniki, anayetegemewa na zahanati nyingi za Kenya, hana kazi ya jina lake katika mpangilio wa ANZSCO. Si daktari kwa kipimo cha Australia, na si muuguzi. Ni heri alijue hilo kabla ya kulipa chochote kuliko kulipa kisha akajibiwa kwamba hafai.

Kipimo ni majukumu, si cheo

Njia iliyo salama ni kuandika kwanza, bila kutazama orodha yoyote, mambo unayoyafanya kazini kwa wiki nzima na saa unazotumia kwa kila jambo. Baada ya hapo ndipo usome maelezo ya kazi mbili au tatu zinazokaribiana na uone ni ipi inayofanana na saa zako nyingi.

Mathalani, fundi wa magari katika mji kama Kinna hutengeneza kila kinacholetwa: gari la abiria, lori la dizeli, pikipiki ya bodaboda, hata pampu ya kuvuta maji shambani. Katika orodha ya Australia hizo ni kazi nne tofauti. Fundi wa magari kwa jumla ni 321211, wa injini za dizeli ni 321212, wa pikipiki ni 321213 na wa injini ndogo ni 321214. Mshika mbili moja humponyoka. Fundi huyo ateue ile moja iliyojaza siku zake na anayoweza kuithibitisha, na barua za waajiri wake ziizungumzie hiyo.

Kwa wauguzi, tofauti kuu ni kati ya muuguzi aliyesajiliwa na muuguzi wa ngazi ya cheti. Wa kwanza yumo katika kundi la 2544, lenye namba mbalimbali kulingana na idara anayohudumu, kama vile wodi ya watoto, chumba cha upasuaji, afya ya akili au afya ya jamii. Wa pili ni 411411, na yuko kiwango cha 2. Muuguzi aliyehudumu miaka sita katika zahanati ya kijijini asijiteue kuwa wa wagonjwa mahututi kwa kusikia tu kwamba idara hiyo inahitaji watu.

Walimu nao wanapaswa kujua sharti la elimu. AITSL hutaka angalau miaka minne ya masomo ya chuo kikuu, yakiwamo mafunzo ya ualimu, na siku 45 za mazoezi ya kufundisha chini ya usimamizi. Cheti cha P1 kilichukua miaka miwili, na stashahada iliyochukua nafasi yake mwaka 2021 ni ya miaka mitatu na hutolewa na vyuo vya ualimu. Mwalimu wa msingi mwenye sifa hizo pekee hatapita, hata awe amefundisha miaka 20. Mwenye shahada ya elimu ya miaka minne ndiye mwenye njia. Tena ajiandae kwa mtihani wa Kiingereza: ilhali viza yenyewe huridhika na alama 6 katika kila sehemu ya IELTS, AITSL hutaka 7 katika kusoma na kuandika, na 8 katika kuzungumza na kusikiliza.

Ushahidi utoke wapi?

Kazi isiyo na karatasi ni vigumu kutathminiwa. VETASSESS, kwa mfano, huhesabu kazi ya malipo tu, isiyopungua saa 20 kwa wiki. Kijana aliyechunga mifugo ya baba yake tangu utotoni ana maarifa mengi, lakini hana mwajiri, mshahara wala tarehe za kuonyesha.

Kwa aliyeajiriwa, barua ya mwajiri iwe na nembo ya ofisi, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara, majukumu, pamoja na jina na sahihi ya mkubwa wake. Iungwe mkono na stakabadhi za mshahara, fomu za P9 za kodi, taarifa ya michango ya NSSF na taarifa za benki. Aliyelipwa fedha taslimu, kama ilivyo kwa mafundi wengi wa jua kali, aanze mapema kutunza risiti na mikataba.

Fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi mwingine anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, yenye madaraja matatu. Aidha, mwaka 2024 Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Cheti cha nyumbani hakilazimishi taasisi ya ugenini kukubali, lakini humpa mwombaji pa kuanzia.

Majukumu katika barua yasinakiliwe neno kwa neno kutoka kwenye orodha, na kamwe yasitungwe. Australia humkatalia viza anayetoa hati bandia au habari za uongo, na kwa kawaida humfungia kwa miaka mitatu. Udanganyifu kuhusu utambulisho hufungia kwa miaka kumi.

Muda ni pointi

Katika kanuni zilizotumika mwaka 2025, mwombaji alihitaji pointi zisizopungua 65 ili afikiriwe, na wengi walioalikwa walikuwa na zaidi. Umri wa miaka 25 hadi 32 ulimpa pointi 30, wa miaka 33 hadi 39 ulimpa 25, na wa miaka 40 hadi 44 ulimpa 15. Aliyefikisha miaka 45 hakualikwa. Kwa hiyo muuguzi wa miaka 39 ambaye tathmini yake ya kwanza imekataliwa, akachukua mwaka mmoja kuanza upya, amepoteza pointi 10 bila kufanya kosa jingine lolote. Tathmini nayo kwa kawaida hudumu miaka mitatu, au pungufu ikiwa taasisi imesema hivyo.

Wanandoa wapige hesabu pamoja. Mwenzi aliye chini ya miaka 45, mwenye Kiingereza cha kutosha na tathmini inayofaa ya kazi iliyo katika orodha hiyohiyo, huongeza pointi 10. Huenda ikafaa mke awe mwombaji mkuu badala ya mume. Jambo hili liamuliwe kwa vyeti na umri, si kwa mazoea.

Nchi nyingine

Canada hutumia mpangilio wa NOC wenye namba za tarakimu tano. Katika mfumo wa Express Entry hakuna tathmini ya ujuzi kama ya Australia. Elimu iliyopatikana nje hulinganishwa na ya Canada, na ripoti yake hudumu miaka mitano. Hata hivyo, namba ya kazi huteuliwa na mwombaji, na afisa huitazama barua ya mwajiri kuona kama majukumu yanalingana.

Ujerumani, ambayo ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, hulinganisha cheti cha mgeni na kazi mahususi ya Kijerumani. Kwa kazi kama uuguzi kutambuliwa ni lazima, na pengo likionekana huzibwa kwa mafunzo au mtihani.

Uingereza ni funzo kwa wanaokimbilia orodha. Kenya ilikubaliana nayo kuhusu wauguzi mwaka 2021, na kazi ya uhudumu wa wazee na wagonjwa ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2022. Tarehe 22 Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Aliyeacha taaluma yake ili ajifunze kazi ya mlango huo alibaki na cheti mkononi.

Kabla ya kulipa

Mwombaji ajiulize maswali manne. Je, majukumu yangu ya kila siku yanalingana na maelezo ya kazi hii? Je, elimu yangu inafikia kiwango chake? Je, ninaweza kuthibitisha kila mwaka ninaoudai? Je, kazi hii imo katika orodha ya viza ninayoitaka? Jibu moja likiwa hapana, fedha zibaki zizini kwanza.

Vilevile akumbuke kwamba tathmini ya viza si leseni ya kazi. Muuguzi atahitaji usajili wa AHPRA, na mwalimu usajili wa jimbo atakalofundisha. Anayetumia wakala wa ajira aangalie kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wakala anayemwambia mteja ateue kazi "inayopita haraka" bila kuuliza anafanya kazi gani hasa, huyo ni wa kuepukwa.

Orodha za kazi hubadilika kila serikali inapobadili nia. Miaka ya kazi iliyothibitishwa haibadiliki, na ndiyo inayopaswa kumwongoza mwombaji katika uteuzi wake.