Usiku wa 4–3: Stockholm, Prague na Machi 1969

Yapo mashindano machache ya michezo ambayo aliyeshika nafasi ya tatu anakumbukwa kuliko bingwa. Mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni yaliyofanyika Stockholm, Sweden, kuanzia tarehe 15 hadi 30 Machi 1969 ni mojawapo. Ubingwa ulikwenda Moscow kwa mwaka wa saba mfululizo, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lakini ukimtajia mzee wa Kicheki au wa Kislovakia mwaka huo, hatakusimulia habari za ubingwa. Atakutajia matokeo mawili tu: 2–0 na 4–3.

Najua kwamba wengi wa wasomaji wangu barafu wameizoea ndani ya friji, kwa hiyo niuelezee mchezo wenyewe kidogo. Timu huingiza uwanjani wachezaji sita, golikipa akiwa mmoja wao. Huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Ni mchezo wa kasi na wa kupigana vikumbo, na katika Ulaya ya kati na ya mashariki una heshima ambayo kwetu hupewa kandanda peke yake.

Mashindano ya 1969 hayakupangwa kufanyika Stockholm. Yalikuwa yafanyike Prague. Chekoslovakia iliacha uenyeji kwa sababu nchi ilikuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Januari 1968, Alexander Dubček alichaguliwa kuwa Katibu wa Kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha Chekoslovakia. Katika miezi iliyofuata udhibiti wa magazeti ulilegezwa, kisha ukaondolewa. Watu wakaanza kusema hadharani mambo waliyokuwa wakinong'onezana jikoni. Kipindi hicho kinajulikana kama Machipuko ya Prague. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti, vifaru vya Umoja wa Kisovieti, vikifuatana na majeshi ya Poland, Hungaria na Bulgaria, vilivuka mpaka. Zaidi ya raia mia moja waliuawa kabla mwaka haujaisha. Mwezi Oktoba ukatiwa saini mkataba ulioruhusu majeshi ya Kisovieti kubaki nchini humo "kwa muda". Muda huo uliisha mwaka 1991.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua Chekoslovakia kwa miguu kabla ya kuijua kwenye ramani. Viatu vya Bata, ambavyo hata leo kuna wanaoapa kwamba ni vya Kenya, asili yake ni mji wa Zlín, ambako kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1894. Hata hivyo, Agosti 1968 habari za Prague zilifika Dar es Salaam kwa uzito mwingine. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililaani uvamizi waziwazi, na vijana wakaandamana hadi kwenye ubalozi wa Kisovieti. Haikuwa rahisi kufanya hivyo, kwani kambi hiyo hiyo ya mashariki ndiyo iliyokuwa ikivipa silaha vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Lakini nchi ndogo iliyovamiwa na jirani mkubwa kwa kisingizio cha udugu ilikuwa picha ambayo Tanzania isingeweza kuitazama ikanyamaza.

Basi timu ya Chekoslovakia iliwasili Stockholm ikiwa imebeba mzigo ambao hakuna kocha aliyeufanyia mazoezi. Miezi miwili tu kabla, tarehe 16 Januari, mwanafunzi Jan Palach alikuwa amejichoma moto Prague katika Uwanja wa Wenceslas kupinga hali ya watu kukubali kushindwa. Alifariki siku tatu baadaye. Mwezi Februari akafuata mwanafunzi mwingine, Jan Zajíc. Mikutano ya hadhara ilikuwa ikizidi kubanwa, magazeti yakichunga tena maneno, na Dubček, ingawa bado yupo madarakani, alikuwa akirudi nyuma hatua baada ya hatua.

Mashindano yalikuwa na timu sita za daraja la kwanza: Umoja wa Kisovieti, Sweden, Chekoslovakia, Canada, Finland na Marekani. Kwa mara ya kwanza kila timu ilipangiwa kukutana na kila nyingine mara mbili. Huenda waandaaji walikuwa wakifikiria mapato ya viingilio. Wasichokifikiria ni kwamba walikuwa wamewapa Wacheki na Waslovakia nafasi mbili za kukabiliana na dola lililowakalia.

Nafasi ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Machi. Baadhi ya wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wameifunika kwa utepe mweusi ile nyota iliyokuwa juu ya kichwa cha simba katika nembo ya jezi zao. Simba huyo ni alama ya kale ya Bohemia, na zamani alivaa taji. Nyota ilichukua mahali pa taji kwa amri ya serikali mwaka 1960. Golikipa Vladimír Dzurilla hakuruhusu bao hata moja. Jan Suchý alifunga, Josef Černý akafunga, na mchezo ukaisha 2–0. Nahodha Jozef Golonka aliligeuza gongo lake kama bunduki na kulielekeza kwenye benchi la Wasovieti. Mwishoni wachezaji wa Chekoslovakia walikataa kuwapa wapinzani wao mkono.

Hapa naomba nichepuke, kwa sababu kisa hiki kina mizizi mirefu kuliko 1968. Warusi walijifunza mchezo huu kwa sehemu kubwa kutoka kwa Wacheki. Mapema mwaka 1948 klabu ya LTC Praha ilikwenda Moscow, ikacheza mechi tatu na kuwafundisha wenyeji mengi waliyokuwa hawajayajua. Mwanafunzi alijifunza haraka: mwaka 1954 Umoja wa Kisovieti uliingia mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, ukatoka bingwa. Na walimu je? Chekoslovakia ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1947 na 1949. Machi 1950, timu ikijiandaa kwenda London kutetea taji, wachezaji walizuiwa kusafiri, wakakamatwa na kushitakiwa kwa uhaini. Serikali ilihofia kwamba wangebaki Magharibi. Golikipa Bohumil Modrý alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na wenzake kadhaa wakapelekwa kufanya kazi katika migodi ya urani. Kwa hiyo mchezaji wa Chekoslovakia wa mwaka 1969 alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba serikali yake inaweza kumfunga mtu kwa dhana kuhusu jambo ambalo bado hajalitenda. Utepe mweusi juu ya nyota haukuwa utani wa vijana.

Mechi ya pili ilichezwa tarehe 28 Machi. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, na Chekoslovakia ikashinda 4–3. Watu walikuwa wakiitazama katika televisheni nchi nzima, na filimbi ya mwisho ilipolia walitoka nje. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni watu wapatao nusu milioni katika miji mbalimbali. Katika Uwanja wa Wenceslas peke yake, pale pale alipojichoma Palach, walikusanyika takriban watu 150,000. Matokeo ya mchezo yaliandikwa kwa rangi na chokaa ukutani na kwenye madirisha ya maduka. Kaulimbiu moja iliyosikika usiku ule inatafsirika vizuri kwa Kiswahili: ninyi mtuletee vifaru, sisi tuwapelekee mabao.

Ninapowafundisha wanafunzi kuhusu vuguvugu za umma, huwataka waufikirie usiku ule kwa makini. Kwa miezi saba watu wale hawakuwa na sababu halali ya kujaa barabarani. Anayefika kwenye mkutano wa siasa anaweza kuulizwa na polisi amefuata nini. Anayeshangilia timu ya taifa hawezi kuulizwa, walau si kwa saa chache za mwanzo. Ushindi wa mchezo uliwapa kibali ambacho hakuna ofisi ingewapa. Wakubwa wa dola nao walilifahamu hilo, kwa kuwa umati mdogo zaidi ulikuwa umekwisha kujitokeza baada ya mechi ya kwanza, na wiki nzima ilitosha kujiandaa.

Usiku huo ofisi ya shirika la ndege la Kisovieti, Aeroflot, iliyokuwa katika uwanja huo huo, ilivunjwa na vitu vyake vikachomwa barabarani. Katika miji kadhaa iliyokuwa na kambi za Wasovieti, umati ulikwenda hadi kwenye majengo yao na kuyarushia mawe. Mashahidi walisimulia baadaye kwamba karibu na ofisi ya Aeroflot palikuwa na rundo la mawe ya kutengenezea barabara, yaliyowekwa hapo mapema kana kwamba yanasubiri mikono. Tangu wakati huo imesemwa sana kwamba polisi wa siri walitega mtego huo. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu. Lakini sipendi inavyotumiwa na baadhi ya watetezi wa umati, kana kwamba pasipo wachochezi watu wangeimba kidogo na kurudi nyumbani kulala. Nusu ya milioni hawaajiriwi. Hasira ilikuwa yao wenyewe. Mwingine alichowawekea tayari huenda kilikuwa jiwe tu.

Moscow haikukawia. Waziri wa Ulinzi, Marshal Andrei Grechko, aliwasili Chekoslovakia katika siku chache tu akiwa na madai makali: ama viongozi wa Prague warejeshe nidhamu wao wenyewe, ama majeshi ya Kisovieti yairejeshe. Udhibiti wa magazeti ukarudishwa mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 17 Aprili, siku 20 baada ya mechi, Dubček aliondolewa katika uongozi wa chama na Gustáv Husák akashika nafasi yake.

Kutokana na mfuatano huo wa tarehe, kuna wanaosema kwamba mashabiki wa hoki ndio waliomwangusha Dubček, kwamba laiti watu wangekaa majumbani usiku ule mageuzi yangeponea chupuchupu. Nimeisikia hoja hii ikitolewa kwa sura ya busara, hasa na watu wa maofisini, na siikubali. Inageuza kisingizio kuwa sababu. Majeshi hayakuletwa Agosti 1968 ili kumlinda Dubček mpaka mashabiki watakapomkosea. Yaliletwa kumwondoa, na mpango wa awali wa kuunda serikali nyingine siku ile ile ya uvamizi ulishindikana kwa sababu wananchi na chama chenyewe waliukataa. Miezi saba iliyofuata ilikuwa ya kutafuta mlango mwingine. Kama si Aeroflot, lingepatikana dirisha jingine la kuvunjika.

Na yaliyofuata hayakuwahusu mashabiki peke yao. Agosti 1969, katika kumbukumbu ya mwaka mmoja wa uvamizi, watu waliandamana tena, na safari hii waliopelekwa kuwapiga hawakuwa wageni bali polisi na wanajeshi wa Chekoslovakia yenyewe. Raia kadhaa waliuawa. Sheria ya dharura iliyotungwa kuwaadhibu waandamanaji ilitiwa saini na Spika wa Bunge la Shirikisho, ambaye wakati huo alikuwa Dubček mwenyewe. Mwaka 1970 ukaja uchujaji wa wanachama wa chama. Mwalimu, mhandisi, mhariri na karani waliitwa mbele ya kamati, mmoja mmoja, na swali kuu halikuhusu kazi yake: je, unakubali kwamba kuingia kwa majeshi kulikuwa msaada wa kindugu? Takriban watu nusu milioni walipoteza uanachama, na wengi miongoni mwao wakapoteza ajira pia. Waliojibu ndiyo walibaki mezani pao. Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wataelewa, nadhani, kwa nini mimi huona kile chumba cha kamati kuwa cha kutisha kuliko kifaru.

Nirudi Stockholm, maana mashindano hayakuisha tarehe 28. Siku ya mwisho Chekoslovakia ilicheza na Sweden ikafungwa 1–0. Msimamo ulipokamilika ulikuwa wa ajabu: Umoja wa Kisovieti, Sweden na Chekoslovakia, kila moja ikiwa na pointi 16, kila moja ikiwa imeshinda mechi nane na kupoteza mbili. Wasovieti walikuwa wamefungwa na Chekoslovakia tu, Chekoslovakia ikafungwa na Sweden tu, na Sweden ikafungwa na Wasovieti tu. Tofauti ya mabao ndiyo iliyoamua, na wenye mabao mengi zaidi walikuwa Wasovieti. Vijana wa Dzurilla na Golonka walirudi nyumbani na medali za shaba.

Prague ilipata mashindano yake hatimaye mwaka 1972. Tarehe 20 Aprili Chekoslovakia iliifunga timu ya Kisovieti 3–2 na kutwaa ubingwa wa dunia, ikikatiza mfululizo wa mataji tisa ya Moscow ulioanza mwaka 1963. Miaka miwili baadaye mmoja wa nyota wa Stockholm, Václav Nedomanský, alitorokea Canada. Dubček, ambaye mwaka 1970 alikuwa amefukuzwa katika chama, alikuwa mtumishi wa idara ya misitu huko Slovakia.