Mbwa na Mwanzo Mpya Chini ya Mlima Meru

Miongoni mwa riwaya pendwa, yaani riwaya nyepesi zinazoandikwa ili zisomwe na watu wengi kwa burudani, upo mtindo uliozoeleka sana Ulaya na Marekani, ambamo mbwa huingia katika maisha ya mtu aliyevunjika moyo, humtoa ndani, humkutanisha na mwenzi mpya na hatimaye humwezesha kuanza upya. Katika Kiswahili, ambako riwaya pendwa zilishika kasi baada ya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla kuchapishwa mwaka 1965, wapelelezi, wahalifu na wapenzi wa mijini ndio waliotawala kurasa, na mbwa amebaki pembeni. Hata hivyo, historia ya Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru ina hazina ya kutosha kwa masimulizi ya aina hiyo, ingawa hapa upendo kati ya binadamu na mbwa umezaliwa kazini.

Waarusha, wazungumzaji wa Kimaa waliohamia miteremko ya kusini-magharibi ya mlima katika miaka ya 1830, waliendelea kufuga hata walipojifunza kulima migomba na mahindi, na kila boma, yaani mkusanyiko wa nyumba za familia moja pamoja na zizi la mifugo, lilihitaji masikio yasiyolala. Mbwa wa boma hapapaswi wala hafungwi kamba. Hulala nje karibu na zizi, hula mabaki ya ugali, huandamana na watoto wachungaji mchana, na usiku hubweka fisi au chui anaponyemelea, ili wenye mifugo waamke na kutoka na mikuki. Heshima yake hupimwa kwa ndama waliosalimika.

Wageni walikuja na desturi zao. Baada ya vita kati ya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, familia kadhaa za Makaburu ziliondoka Afrika Kusini na kuanza upya kaskazini mwa Meru chini ya utawala wa Wajerumani, na katika mashamba ya walowezi, kama ilivyokuja kuwa katika majumba ya mjini, mbwa aligeuzwa mlinzi wa ua wa mtu binafsi, jambo ambalo kibao cha “Mbwa mkali” kwenye mageti ya Arusha kingali kinalitangaza. Kwa Waislamu wa mjini, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo au mazao, hivyo kazi ikawa ndiyo hoja ya kumfuga.

Ukaribu huo wa binadamu na mbwa ulikuwa na hatari yake, hasa kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa kung'atwa na ambao, dalili zikishajitokeza, huua karibu kila mara. Isitoshe, mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani wakashukiwa kuwa chanzo. Kutokana na hayo, chanjo za mbwa vijijini zilipanuliwa, kwa lengo la kuwafikia angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachotosha kukata mnyororo wa maambukizi ya kichaa. Kwenye vituo vya chanjo, mara nyingi ni watoto wanaomleta mbwa, wakimvuta kwa kamba ya katani na kumshika kichwa wakati wa sindano, kwa kuwa wao ndio anaowaamini.

Mwanzo mpya ulio dhahiri zaidi umetokea Usa River, mashariki ya jiji la Arusha, ambako shirika la African Wildlife Foundation, katika mpango wake ulioanza mwaka 2014, limewafunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu na bidhaa nyingine haramu za wanyamapori, pamoja na askari wa kuwaongoza, ili wapelekwe kwenye viwanja vya ndege na bandari kama Mombasa. Mbwa anapoitambua harufu hukaa kitako na kutulia, kisha hupewa mpira wake achezee; naye askari, hata kama utotoni alifundishwa kumfukuza mbwa kwa jiwe, hana budi kumlisha, kumsafisha na kumsifu, kwani mbwa asiyemwamini kiongozi wake hatafanya kazi.

Mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kutunga riwaya ya kuchangamsha kuhusu mtu anayeanza upya na mbwa hana haja ya kuazima fukwe na mikahawa ya ng'ambo, maana chini ya Meru kuna mchungaji, mtoto kwenye foleni ya chanjo na askari mwenye mpira mfukoni, ambao uaminifu wao kwa mbwa umejengwa kwa kutegemeana kila siku, nao ndio msingi imara kuliko wote wa hadithi ya mapenzi.