Jina Lisilokuwepo Kwenye Meza ya Mfalme

Meza ya kuandikia ya Mfalme Louis XV wa Ufaransa, ambayo leo imo katika kasri la Versailles, ina sahihi ya Jean-Henri Riesener na mwaka 1769. Sahihi hiyo ni ya kweli, lakini haisemi yote.

Aliyeianza ni Jean-François Oeben, fundi mzaliwa wa Ujerumani, mwaka 1760. Kifuniko chake huteleza nyuma na kupotelea ndani. Ukizungusha ufunguo mara moja, kifuniko na droo zote hufunguka. Watumishi waliweza kujaza wino kupitia pembeni bila kugusa siri za mfalme. Juu ya mbao kukapachikwa vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali, vikachora maua na vifaa vya elimu. Kazi hii iliwapa mafundi wake jina: Wafaransa huwaita ébénistes, kutokana na ébène, ule mti mweusi uliotoka ng'ambo ya bahari.

Oeben alifariki mwaka 1763, meza ikiwa haijakamilika. Ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake halimo: mjane wake, Françoise-Marguerite Vandercruse.

Chama cha mafundi wa Paris kilimtaka kila bingwa agonge muhuri wa jina lake kwenye kazi yake. Mjane wa bingwa aliruhusiwa kuendesha karakana, kwa hiyo Françoise-Marguerite akaiendesha, na samani zikaendelea kutoka na muhuri wa marehemu. Mwanamke alishika biashara. Mbao zikamtaja mwanamume aliyekwisha kuzikwa.

Mwaka 1767 aliolewa na Riesener, mmoja wa mafundi wa karakana hiyo. Mwaka uliofuata Riesener akawa bingwa, na mwaka 1769 meza ikafika kwa mfalme ikiwa na jina lake.

Riesener hakuiba kazi. Aliimaliza kwa ustadi mkubwa, akawa fundi mashuhuri wa zama zake. Lakini bila ile miaka minne ya mjane, hakungekuwa na karakana ya kumalizia meza hiyo.

Kisha yakaja Mapinduzi. Vyama vya mafundi vikafutwa mwaka 1791. Mwaka 1794 Riesener alitumwa Versailles kuondoa alama za kifalme kwenye samani alizozitengeneza mwenyewe. Aliyeandika jina lake kwenye meza ya mfalme sasa alilipwa kufuta majina ya wengine.

Tunapenda kuuliza kitu cha kale kimetengenezwa na nani, kisha tunasoma muhuri na kuridhika. Muhuri hujibu swali jingine: sheria ya wakati ule ilimruhusu nani aandike jina lake?