Maumivu ya Wazee wa Mkwiro

Kabla ya upasuaji kuwa jambo la kawaida huku kwetu, bibi wa Mkwiro, kijiji chetu cha kisiwani, akiteleza mwambani akitafuta pweza, aliitwa mganga wa mifupa. Alikuja na uto wa nyonyo, banzi za upongoo na vitambaa vya kufungia. Mkono au muundi aliuunga barabara, nami simdharau. Hata Hugh Owen Thomas, tabibu ambaye gango lake la mguu liliokoa askari wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Anglesey, watu wa kisiwani kama sisi. Lakini nyonga haishikwi na banzi. Bibi alilala chali, akaota vidonda, kifua kikamjaa, akatutoka.

Waliobahatika walipakiwa botini hadi Shimoni, kisha gari hadi Msambweni, au wakavushwa Likoni kwenda Mombasa. Huko mguu ulivutwa kwa mawe wiki nyingi. Vilipokuja vyuma vya ndani, mgonjwa alitakiwa asimame upesi, na maumivu ndiyo yaliyomzuia. Hapo mzigo ukatuangukia sisi wauguzi.

Sindano ya pethidini, enzi zetu, ilingoja mgonjwa aombe. Mzee wa Kivumba, kama tuitwavyo watu wa huku, haombi! Ukimuuliza, "Bibi, waumwa?" hujibu "Alhamdulillahi", na jasho lamtiririka. Mwaka 1968 muuguzi Mmarekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye kuumwa. Sawa, na asiyesema je? Kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi kiliwachekesha wazee wetu. Mimi niliuliza habari za swala: "Alfajiri umesali kwa kuketi au kwa kulala?" Aliyeketi jana na leo kalala, keshanijibu.

Kwa mzee, parasetamoli hutolewa kwa saa zake bila kungoja malalamiko. Diklofenaki naiogopa, kwa ajili ya figo na tumbo. Mofini huanzwa kidogo kidogo. Kipimo cha kijana humvuruga mzee akili, akaanza kuwaita waliokwishazikwa. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa huandika mofini wenyewe. Sisi tulingoja saini ya daktari, usiku mzima wakati mwingine.

Siku ya kuruhusiwa nilizungumza na binti wa mgonjwa, maana nilijua mamake akifika tu kisiwani ataitiwa mkandaji. Kukanda mgongo na mguu usioumia niliruhusu. Nyonga yenye chuma nilikataza, na uto usikaribie nyuzi za mshono.