London ya Michezo ya Kuigiza: Tulivyoiona na Tulivyoisoma

Sisi tuliofika London kusomea uhandisi mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuta chuo ni ghali lakini michezo ya kuigiza ni rahisi. Tangu 1980 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwatoza wanafunzi wa nje ada kamili, bila ruzuku hata senti moja. Ruzuku tuliyonyimwa darasani tukaikuta ukumbini. National Theatre, lile jengo la zege kando ya mto Thames lililofunguliwa 1976, liliuza viti vilivyobaki kwa bei ndogo muda mfupi kabla ya onyesho, ilimradi uonyeshe kitambulisho cha mwanafunzi. Hali ilikuwa hiyo hiyo kule Barbican kwa kampuni ya Royal Shakespeare. Basi tulipanga foleni na makoti yetu, mikononi tumeshika vibanzi vya moto.

Shida ilikuwa kicheko. Kiingereza cha hesabu na vyuma tulikijua vizuri, lakini mzaha wa jukwaani haumsubiri mtu. Ukumbi mzima ulicheka, kisha sisi tukafuata.

Ndipo tukajiandikisha darasa la jioni. Mamlaka ya elimu ya London ya kati, ILEA, iliyovunjwa 1990, ilikuwa na madarasa ya watu wazima ya kila aina, kuanzia ufinyanzi hadi Kirusi. Letu lilikuwa la kusoma tamthilia kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Wanafunzi wenzetu walikuwa wauguzi, makarani na wazee waliostaafu. Zamu ya Julius Caesar ilipofika tulikuja na nakala ya Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, tukawasomea kurasa mbili. Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na tafsiri yake ya kwanza ya mchezo huo ilitoka 1963. Wenzetu hawakuelewa neno, lakini walitulia kimya wakisikiliza mapigo ya mistari.

Ugomvi ulizuka baadaye, baina yetu wenyewe, tukirudi kwa basi. Mwenzetu wa Mombasa, aliyekulia kwenye tungo, alishikilia kuwa mistari isiyo na vina haiwezi kuitwa ushairi, hata iwe ya rais. Wa Bara wakamjibu kuwa Shakespeare mwenyewe sehemu kubwa hakutumia vina, na mfasiri mwaminifu afanyeje? Halafu tukahamia Mabepari wa Venisi ya 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Katika jina la Kiingereza yumo mfanyabiashara mmoja; Mwalimu amewafanya wengi, tena mabepari. Kwa maoni yetu hapo mfasiri alitia siasa yake, na mchezo ukapata makali ambayo wasomaji wa Dar es Salaam waliyaelewa mara moja.

Mwaka 1989 ukatupa darasa jingine, safari hii la fani yetu. Huko Southwark, kwenye kiwanja kilichokuwa kikichimbwa ili kujengwa ofisi, wanaakiolojia walifukua misingi ya Rose, ukumbi uliojengwa 1587. Watu waliposikia kuwa nguzo za jengo jipya zingepenya kwenye mabaki hayo, waigizaji maarufu na wananchi wa kawaida walikusanyika pale mwezi Mei kuzuia kazi. Mwishowe michoro ilibadilishwa, jengo likapitishwa juu ya mabaki bila kuyagusa, na misingi ikafunikwa kwa mchanga, saruji na maji ili udongo usikauke na kupasuka. Sisi tuliofundishwa kuwa msingi hufuata mzigo tuliona mzigo ukihamishwa kwa heshima ya msingi wa kale.

Jirani na hapo ndipo Globe mpya ilipofunguliwa 1997, kwa juhudi za mwigizaji wa Kimarekani, Sam Wanamaker, aliyefariki 1993 kabla ya kuiona imekamilika. Ni mbao za mwaloni zilizounganishwa kwa vigingi vya mti, na paa la matete, la kwanza la aina hiyo kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Mtu wa Pwani akilitazama atakumbuka makuti. Ila makuti yetu hayana mabomba ya kunyunyizia maji! Tahadhari hiyo ina sababu: Globe ya awali iliteketea 1613, mzinga uliofyatuliwa kwenye onyesho ulipowasha paa. Inasimuliwa kuwa hakuna aliyekufa, ila suruali ya bwana mmoja ilishika moto ikazimwa kwa bia.

Uani, mbele ya jukwaa, watu husimama, na kwa miaka zaidi ya 20 tiketi ya kusimama ilikuwa pauni 5. Hapo ndipo tulipokuwa majira ya kuchipua ya 2012, tamthilia 37 za Shakespeare zilipoonyeshwa kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa Wanawake wa Heri wa Winsa, ikachezwa na kikundi kutoka Kenya pamoja na Mrisho Mpoto wa Tanzania kama Falstaff. Vibao vya pembeni vilitoa muhtasari tu wa kila tukio, si maneno yenyewe. Kwa hiyo uani sisi tulicheka kwanza, na Waingereza wakafuata.

Tulipotoka, ubishi ulianza kabla hatujafika darajani. Je, "heri" ndiyo maana ya neno lile la Kiingereza, au mfasiri amefuata mlio wake tu?