Jina kwa Kiswahili, Maandishi kwa Kiingereza: Waasisi wa Majarida Huru ya Afrika Mashariki na Suala la Lugha



1. Utangulizi

Anayepitia rafu za maktaba zenye majarida ya fasihi na fikra yaliyotoka Afrika Mashariki baada ya uhuru atakutana na majina haya: Zuka, Busara, Ghala, Mawazo, Umma, Cheche, MajiMaji na, katika karne hii, Kwani?. Kwa kuyasoma majaladani tu, mtu anaweza kuhitimisha kuwa huu ni urithi wa Kiswahili. Akiyafungua, atakuta kurasa ambazo karibu zote ni za Kiingereza. Jina ni letu, maandishi ni ya lugha nyingine.

Jambo hili linajulikana, lakini limezoeleka kiasi kwamba wengi wetu hatulihoji. Katika mhadhara huu nakusudia kulihoji kwa kuwaangalia watu waliokuwa nyuma ya majarida hayo: walikuwa akina nani, walipata wapi fedha, waliingia katika migogoro gani na dola, na waliandika kwa lugha gani. Kwa "jarida huru" nina maana ya chapisho ambalo wahariri wake ndio wanaoamua kichapwe nini, wala si serikali, misheni au chama. Si majarida yote niliyoyataja yanafikia kipimo hicho. Mengine yalikuwa ya idara za vyuo vikuu au ya kampuni za uchapishaji. Nitajikita katika matatu: Kwetu la Dar es Salaam, Transition la Kampala, na Cheche lililozaliwa Mlimani. Hoja yangu ni kwamba uhuru wa jarida umezoeleka kupimwa kwa mambo mawili, yaani fedha na dola, ilhali kipo kipimo cha tatu tulichokisahau, nacho ni lugha.

2. Mwenye duka na gazeti lake

Historia ya uchapishaji wa Kiswahili ilianza mikononi mwa wenye mamlaka. Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 huko Zanzibar, lilikuwa la misheni ya UMCA. Kiongozi la Tanga lilikuwa la serikali ya Wajerumani, na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya Waingereza. Tusiyabeze. Mambo Leo lilichapisha mashairi mengi mno, na ni vigumu kuisimulia historia ya ushairi wetu wa karne ya ishirini bila kulitaja. Hata hivyo, mshairi aliyeandika humo alijua kuwa mwenye gazeti ni mtawala, na ya kusemwa na ya kunyamaziwa aliyapima kwa kipimo hicho.

Mwaka 1937 lilitokea gazeti la namna nyingine. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1934, Fiah alikuwa ameasisi chama cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo. Alikuwa msomaji wa maandiko ya Marcus Garvey, na hakuwa na subira na watumishi wa serikali waliokiongoza Chama cha Waafrika, ambao mishahara yao iliwafunga ndimi. Yeye mkate wake ulitoka dukani, na kwa hiyo aliweza kusema.

Kwetu lilikuwa gazeti la habari, barua za wasomaji na mashairi. Wakati ule mipaka baina ya fasihi na uandishi wa habari haikuwa imechorwa kama tunavyoichora leo katika mihtasari yetu. Sehemu yake kubwa iliandikwa kwa Kiswahili. Fiah hakuuchukulia uamuzi huo kama jambo la kinadharia. Wasomaji aliowataka, wenye maduka wenzake, makarani na wafanyakazi wa bandarini, walisoma Kiswahili, na yeye akawaandikia kwa Kiswahili. Gazeti lake liliishi kwa taabu, likishindana na Mambo Leo lililobebwa na hazina ya serikali, hadi lilipokoma mwaka 1951. Udhaifu wake ulikuwa fedha. Lugha haikuwa udhaifu wake hata siku moja.

3. Kampala: jarida lililozungumza na ulimwengu

Miaka kumi baadaye, mwaka 1961, kijana Rajat Neogi, mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, alianzisha Transition. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee tu. Katika muda mfupi jarida hilo likawa uwanja wa mijadala mikubwa kuliko yote barani. Ali Mazrui, Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ezekiel Mphahlele ni baadhi tu ya walioandika humo. Mwaka 1966 Mazrui alimchambua Kwame Nkrumah kwa namna iliyozua ghadhabu, na mwaka uliofuata akaandika juu ya mapenzi ya wasomi wa nje kwa Tanzania. Neogi alichapisha hoja, kisha akachapisha barua za waliozipinga, nyingine kali kuliko makala zenyewe.

Ni katika jarida hilo hilo la Kiingereza kwamba suala la lugha liliulizwa kwa ukali. Mwezi Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Sharti hilo la lugha lilimweka nje mwandishi mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki wa wakati ule, Shaaban Robert, ambaye alifariki mwezi huo huo. Mwaka 1963 mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Kiafrika inayotegemea Kiingereza na Kifaransa imeingia njia isiyopenya. Majibu yalimiminika, na mwaka 1965 jarida likachapisha utetezi wa Achebe wa kuandika kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka ishirini baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o aliirejea hoja ya Wali alipofafanua kwa nini ameiacha lugha hiyo. Hata hivyo, tukumbuke kwamba mjadala huo wote juu ya lugha za Kiafrika ulifanyika kwa Kiingereza, mbele ya wasomaji wa Kiingereza.

Mapigo mawili yaliliangukia Transition. La kwanza lilikuwa la fedha. Mnamo 1966 na 1967 ilifichuka kuwa shirika la kitamaduni lililolifadhili, lenye makao Paris, lilipokea fedha za siri kutoka idara ya ujasusi ya Marekani, CIA. Neogi alieleza kuwa hakujua, na hakuna aliyeonyesha kuwa makala zake ziliamriwa kutoka nje; lakini imani ya wasomaji ilitikisika. Pigo la pili lilikuwa la dola. Mwezi Oktoba 1968 serikali ya Milton Obote ilimkamata Neogi pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye barua yake iliyochapishwa humo ilikosoa mwenendo wa serikali kuhusu katiba na uteuzi wa majaji. Neogi aliachiwa mwaka 1969 akiwa amechoka mwili na roho. Jarida lilihamia Ghana, likafufuliwa mwaka 1971, baadaye likahaririwa na Soyinka, na likakoma mwaka 1976. Mwaka 1991 lilianzishwa upya nchini Marekani. Neogi alifariki mwaka 1995, mbali na mji alikozaliwa.

4. Mlimani: cheche na maji

Mwezi Novemba 1969, katika chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam, wanafunzi walitoa toleo la kwanza la Cheche. Lilikuwa chombo cha umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, na tawi la vijana wa TANU chuoni. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Baadaye Hirji alikuwa profesa wa takwimu za tiba, Mapolu mwandishi wa masuala ya wafanyakazi, na Meghji waziri wa kwanza mwanamke wa fedha wa nchi hii. Jarida lilipigwa chapa kwenye stensili na kurudufiwa kwa kazi ya kujitolea. Hapakuwa na mfadhili wa Paris, na katika kipimo cha fedha Cheche lilikuwa huru kuliko Transition.

Lilikuwa jarida la siasa zaidi kuliko la fasihi, lakini ndilo lililoonyesha wazi kuliko mengine uzito wa jina. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa ametoka tu kuhitimu sheria, kuhusu mapambano ya kimya ya kitabaka nchini Tanzania. Shivji alihoji kama utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha ulikuwa umewapa uchumi wafanyakazi na wakulima, au umewapa warasimu. Mwezi Novemba mwaka huo USARF ilivunjwa na jarida likafungwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina lake limeigwa kutoka nje: Iskra la Lenin, lililoanza mwaka 1900, nalo maana yake ni cheche.

Mwanaisimu hawezi kuipita hoja hii kimya. Neno "cheche" ni la Kiswahili, linajulikana na kila anayekoka moto. Kilichotoka nje ni dhana. Wahariri waliitafsiri dhana kwa neno la nyumbani, wakaadhibiwa kwa ugeni wa neno! Waliofuata walijifunza. Mwaka 1971 vijana wa TANU chuoni walianzisha MajiMaji, jina lililochukuliwa katika vita vya 1905 hadi 1907, ambalo hakuna ambaye angelishitaki kwa ugeni. Lakini si wao, si waliowafunga, aliyeuliza kuhusu ugeni wa wazi zaidi, yaani lugha iliyojaza kurasa zenyewe.

5. Msomaji aliyeitwa na msomaji aliyepatikana

Ziko sababu za haki. Elimu ya chuo kikuu ilitolewa kwa Kiingereza. Waandishi walitoka Kampala, Nairobi, Lagos na Karibiani. Walter Rodney, aliyekuwa mwandishi wa Cheche na mhadhiri hapa, alitoka Guyana. Hawangekutana katika Kiswahili. Tena ni Kiingereza kilichoyawezesha maandishi hayo kusafiri: makala ya Shivji ilichapwa kuwa kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973, na hadi leo inasomwa mbali na hapa.

Lakini sababu ya kwamba Kiswahili hakikuwa na msamiati haisimami. Azimio la Arusha lilitangazwa kwa Kiswahili mwaka 1967. Ubepari, ubeberu, unyonyaji, tabaka na makabaila yalikuwa maneno ya redio na ya mikutano ya hadhara. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia iliyoyabeba mawazo mazito juu ya Vita vya Maji Maji kwa Kiswahili. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa juu ya mlima huu huu, na mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, aliyesomea hapa, alichapisha Rosa Mistika. Lugha ilikuwapo, na waandishi walikuwapo.

Matokeo yake ni kwamba Azimio lilisomwa kwa Kiswahili na kukosolewa kwa Kiingereza. Mkazi wa Kimara, mwendo mfupi kutoka hapa kwa Barabara ya Morogoro, aliweza kuimba sifa za Azimio, lakini swali la Shivji, ambalo lilimhusu yeye kuliko lilivyomhusu mhadhiri, halikumfikia. Jina la jarida lilimwita. Maandishi yalimwacha mlangoni.

Fasihi nayo ililipa gharama. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya sabini, baina ya watetezi wa vina na mizani na wale wa mashairi huru kama Kezilahabi, pamoja na Mulokozi na Kahigi waliotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, ndio mjadala mkubwa kuliko yote katika uhakiki wetu. Uliendeshwa magazetini, vitabuni, na katika majarida ya Taasisi, yaani Kiswahili na Mulika. Hayo yameifanyia lugha hii kazi isiyolipika, lakini ni majarida ya taaluma yenye wajibu na taratibu za taaluma. Mjadala ule haukupata Neogi wake: mhariri asiye na upande, mwenye uthubutu wa kuchapisha hoja kali pamoja na jibu lililo kali zaidi.

6. Hitimisho

Fiah alikuwa na lugha ya wasomaji wake, akakosa fedha. Neogi alikuwa na waandishi wa bara zima, lakini fedha zake zilikuwa na mwenyewe aliyejificha. Wahariri wa Cheche walikuwa na uhuru wa mfuko na wa fikra, dola likawafunga mdomo. Wote wanastahili heshima yetu. Hata hivyo, kati ya hao ni mwenye duka peke yake aliyeliandika gazeti lake zaidi kwa lugha ya mtu wa mtaani.

Dalili za mabadiliko zipo. Mwaka 2016 jarida la Jalada, lililoasisiwa na waandishi vijana wa Afrika, liliichukua hadithi moja ya Ngũgĩ iliyoandikwa kwa Kigikuyu na kuitoa katika lugha zaidi ya thelathini, Kiswahili kikiwamo. Hapo lugha zetu zilikuwa ndani ya kurasa, hazikuishia jaladani.

Wanafunzi wangu, vyombo vya kuchapia leo ni rahisi kuliko stensili ya mwaka 1969. Wale walioanzisha Cheche walikuwa na umri wenu. Mkianzisha jarida, nawaomba mlipe jina la Kiswahili, kisha mgeuze jalada na mwendelee kwa Kiswahili hicho hicho hadi ukurasa wa mwisho, pamoja na hoja zile ngumu mnazodhani zinafaa Kiingereza tu. Hizo ndizo zinazomhusu zaidi msomaji ambaye hatujawahi kumwandikia.